Kikwembe cha Zambarau Chini ya Turubai la Buluu

Kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu pekee katika mtaa wetu wa Kasongo aliyeamini kwamba anajua rangi. Wengine walizitumia tu. Walivaa nyekundu, walipaka milango buluu, walikula sombe, majani ya muhogo, ya kijani, maisha yakaendelea. Mimi nilizijua. Nilikuwa na kompyuta, nilikuwa na skrini kubwa niliyouziwa na mtu aliyefunga kibanda chake cha kuchapa barua, nilikuwa na printa ya wino wa kumimina, na nilikuwa na kitu kinachomharibu mtu upesi kuliko vyote hivyo: somo nililolisoma nusu kwenye simu.

Somo lilieleza kwamba rangi ya kwenye skrini na rangi ya kwenye karatasi hazipatani zenyewe, ni lazima mwenye kazi azipatanishe kwa subira. Hapo nilisoma kila neno. Baadaye kulikuwa na sehemu ndefu kuhusu mwanga wa chumba ambamo mtu anafanyia kazi, kuta zake ziwe za rangi gani na dirisha lielekee wapi. Sehemu hiyo niliiruka. Nilidhani inawahusu watu wenye vyumba.

Mimi nilikuwa na baraza. Chumba changu kilivuja, na waya wa paneli ya sola haukufika mbali zaidi ya mlango wa mbele, basi nilitoa meza ya marehemu baba nikaiweka nje, nikafunga turubai la plastiki la buluu juu yake na pande zote tatu hadi chini, kwa sababu ya vumbi la pikipiki na mvua za kupeperushwa na upepo. Jua likipiga, mtu akiingia humo alikuwa kama ameingia ndani ya chupa ya buluu ya dawa. Mgeni alishtuka kidogo. Mimi baada ya wiki moja sikuona tena buluu yoyote, macho yalikuwa yamezoea. Hilo ndilo hasa somo lilikuwa linataka kuniambia pale nilipolikimbia.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Nilipiga picha ya nyanya, ya kiganja changu na ya beseni la mama, nikazifungua kwenye skrini, nikazichapa, nikaishika karatasi kando ya skrini na kutazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kila mara karatasi ilionekana ina buluu nyingi. Nikapunguza buluu. Nikachapa tena. Bado. Nikapunguza. Ukuta wa baraza ukajaa nyanya. Siku ambayo karatasi na skrini zilipatana, nilipiga meza kofi na kumwita mama aje aone. Alikuja na mikono yenye unga wa muhogo, akatazama nyanya ya huku na nyanya ya kule, akasema, "Njo nyanya," yaani hii ndiyo nyanya yenyewe. Kisha akarudi jikoni. Nilipokea maneno hayo kama cheti.

Dalili zilikuwepo, sitajitetea. Bibi harusi mmoja alisema gauni lake limetoka kama lililolowekwa kwenye chai. Wanakwaya waliuliza nani aliwavika kanzu za njano. Mwalimu mmoja alinirudishia picha ya mtoto wake, akataka kujua kama naona mtoto ana ugonjwa wa manjano. Nilimwingiza barazani, tukaitazama picha pamoja chini ya turubai, na mtoto akawa mzima kabisa. Nikamweleza mwalimu, kwa upole ambao leo nikiukumbuka natamani kujificha, kwamba tatizo ni mwanga wa nyumbani kwake.

Hapo ndipo ilipokuja harusi ya dada yangu.

Lazima niseme kwanza habari ya shangazi, dada wa pekee wa baba, mkulima wa Wamaza huko Kabambare. Yeye na mama walikuwa wamekaa miaka minne bila kuzungumza. Baba alipofariki, shangazi alitaka azikwe Wamaza, kando ya wazazi wao. Mama alikataa. Ulikuwa msimu wa mvua, barabara ilikuwa imekatika mahali pawili, na alisema hawezi kumbeba mume wake juu ya pikipiki kama gunia. Tukamzika Kasongo. Shangazi aliondoka kabla matanga hayajaisha, hakuaga, na tangu siku ile jina la mama likitajwa Wamaza alikuwa anainuka kwenda shambani. Mama naye hakumtaja kabisa. Lakini kila mtu akitoka upande wa Kabambare, mama alikuwa anamletea kiti na kumuuliza habari za mvua, za mihogo, za barabara, moja baada ya nyingine, akisubiri mtu mwenyewe afike kwenye habari za wifi yake.

Kwetu msichana haolewi bila shangazi. Mtu mwingine anaweza kusimama mahali pake, ndiyo, lakini watu wataona. Mama alilijua hilo, na alikuwa na woga nalo kuliko woga wowote niliouona usoni mwake. Basi akachagua njia ya wanawake. Alinunua kikwembe, yaani kitenge, cha inifomu, kile ambacho ukoo mzima unashona mavazi ya namna moja ili anayeingia uani ajue hawa ni watu wa nyumba moja. Alichagua zambarau yenye maua ya mviringo, zambarau ya biringanya. Duka la Kasongo lilikuwa na vipande vya kutosha upande wa mama tu. Muuzaji alisema marobota mengine ya kitambaa kile kile yamekwenda Salamabila, kwa wachimbaji wa dhahabu na wake zao. Mama akaona njia imefunguka. Atamtumia shangazi rangi, shangazi atakwenda Salamabila kununua za upande wake, na watakutana siku ya harusi wakiwa wamevaa nguo moja. Hakutakuwa na haja ya mtu yeyote kuomba msamaha kwa maneno.

Alikuja barazani na kikwembe begani na mkasi mkononi.

"Nikate kipande kidogo hapa ku pindo," alisema, "nimupe mutu wa pikipiki apeleke Wamaza. Kidole kimoja tu."

Hivyo ndivyo wanawake wa kwetu wanavyofanya tangu zamani. Kipande cha upana wa kidole kinafungwa kwenye fundo la leso, kinasafiri, kinafika na rangi yake. Hakuna njia bora zaidi duniani, na mimi niliizuia.

"Mama, usiharibu kikwembe kizima," nilisema. "Nitakipiga picha. Nitachapa picha kubwa, ataona rangi na maua yote."

"Na rangi itakuwa hii hii?"

"Itakuwa hii hii."

"Hapana ya karibu karibu?"

Nikacheka. Nilicheka kweli, na mkono nikauweka juu ya skrini kama mtu anayemshika ng'ombe wake. Nikamwambia macho ya watu yanadanganya lakini mashine haidanganyi. Mama alitazama mkasi, akatazama zile nyanya ukutani, akaurudisha mkasi ndani.

Nilikipiga picha kikwembe uani, juani, ilivyotakiwa. Nikachapa kwenye karatasi yangu nzuri. Mama akaja kutazama, hapo hapo chini ya turubai, na picha ilikuwa zambarau, zambarau ya biringanya hasa. Akatikisa kichwa kukubali. Alisema afadhali aweke kikwembe chenyewe kando ya picha aone, nikamwambia hakuna haja, na nje mwenye pikipiki alikuwa ameshawasha mashine anapiga honi. Nikaitia picha katika bahasha, nikaifunga. Hakuna aliyeiona juani.

Baada ya siku chache mwenye pikipiki alirudi. Mama alimletea kiti kabla hajazima mashine.

"Amesema atakuja," mtu yule alisema. "Amesema rangi ameiona."

Mama aliingia ndani, na kupitia dirishani nikamsikia anairudia sentensi ile peke yake, taratibu, kama anaijaribu mdomoni: amesema rangi ameiona. Jioni alinipikia samaki mbichi wa Nyangwe ambaye kwa kawaida tunamwekea padri. Nilimla mzima. Nilijisikia kwamba nimemaliza ugomvi wa miaka minne kwa kompyuta.

Watu wa Wamaza walifika siku moja kabla ya harusi, lakini shangazi alikwenda kulala kwa ndugu mwingine upande wa pili wa mji. Alituma ujumbe kwamba haingii kwa wifi yake na nguo ya njiani, ataingia asubuhi, amevaa. Mama alifurahi hata kwa hilo. Alisema ni heshima.

Asubuhi tulisikia wimbo kabla ya kuwaona. Mama alisimama mlangoni katika zambarau yake, nyuma yake dada zake na mabinti zao, wote zambarau, ua mzima unang'aa. Mimi nilisimama katikati, nimevaa shati jeupe jipya, kamera shingoni, tayari kuupiga picha ushindi wangu. Shangazi akatokea kwenye kona mbele ya wanawake kumi na mmoja waliopanga mstari.

Walikuwa wamevaa bordo. Nyekundu nzito, ya chikichi zilizoiva. Maua yalikuwa yale yale ya mviringo, mshono ulikuwa ule ule, kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa rangi.

Wimbo uliwafia mmoja mmoja. Kwa muda mfupi ua ulikuwa na makundi mawili yanayotazamana kama timu za mpira zinazomngoja mwamuzi, na mwamuzi nilikuwa mimi, nimeshika kamera, sielewi kitu.

"Amekuja kunionyesha," mama alisema. Alimwambia dada yake, hakumwambia shangazi. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mbele ya batu bote, amekuja kunionyesha kama yeye si wa hapa."

Na shangazi, naye akiwaambia watu wake, alisema, "Munaona? Bamenitumia rangi ya bageni. Bao bamevaa yao."

Kisha akachomoa bahasha kifuani. Alikuwa ameihifadhi ndani ya nailoni, haikuwa na hata kunyanzi. Akaitoa picha yangu, akaiweka juu ya kifua chake, juu ya kitambaa. Zilipatana kabisa. Alikuwa amekwenda Salamabila mwenyewe kwa pikipiki, muuzaji akamwonyesha zambarau na bordo za maua yale yale, naye akaishika picha juu ya hii na juu ya ile, akachagua kwa uangalifu wote. Alikuwa amefanya alivyoagizwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona picha ile juani.

Nilimnyang'anya. Sijivunii, lakini nilimnyang'anya shangazi yangu picha mkononi, nikakimbia nayo barazani. Chini ya turubai: zambarau. Nikatoka nje: bordo. Nikaingia: zambarau. Nikatoka tena. Watu hamsini waliovaa vizuri walikuwa wananitazama naingia na kutoka kama mbuzi asiyejua kama mvua imekwisha. Mara ya nne nilipotoka niliinua macho, nikaliona turubai. Nililiona kwa mara ya kwanza tangu nilipolifunga. Lilikuwa buluu, Mungu wangu, lilikuwa buluu kupita kiasi, lilikuwa limenimwagia buluu juu ya kila karatasi kwa miezi yote ile, na mimi nikikaa chini yake naitoa buluu kwenye picha kwa subira. Nikamkumbuka mwalimu na mtoto wake wa manjano.

"Ni mimi," nilisema.

Nikasema tena kwa sauti kubwa, kwamba mama alituma zambarau, kwamba shangazi alipokea bordo, na kwamba katikati ya hizo mbili hakuna mtu mwingine aliyepita isipokuwa mimi na bashi hili, turubai hili la buluu. Nikawaomba waje waone. Shangazi alikuja. Alisimama chini ya turubai, akatazama picha, akatoka, akaitazama tena. Alirudia mara moja tu, alikuwa na akili kuliko mimi. Kisha akageuka na kumtazama mama.

Mama ndiye aliyeanza. "Nilimwambia nikate kipande," alisema.

Alisema akimtazama shangazi usoni. Ua mzima ulisikia.

"Akakatala?" shangazi aliuliza.

"Akakatala. Nilikuwa na mukasi ku mukono. Alisema ati mashine haidanganyi."

"Mutoto huyu?"

"Njo huyu."

Shangazi alinipima kutoka viatu hadi kichwa. "Njo baba yake mutupu," alisema. "Baba yake, siku ile ya kwenda Kabambare, nilimwambia tuulize njia. Akasema njia anaijua. Tukalala ku pori, miye na yeye na kuku wa batu."

"Na mulango!" mama alisema, na mkono wake ulikuwa tayari mdomoni. "Wifi, ule mulango wa jikoni. Fundi alimwambia utafunguka vibaya. Mpaka leo natoka kinyumenyume na sufuria."

Alianza kucheka, na kicheko hakikudumu, kikageuka kikawa kingine. Shangazi akapita katikati ya zile rangi mbili, akamshika mabega. Wakasimama pale wanamlilia mtu ambaye mwaka ule walimlilia kila mmoja upande wake. Mimi nilisimama pembeni. Nilikuwa nimewapatanisha kweli, lakini si kwa namna ambayo fundi anaweza kuitangaza.

Harusi ilikwenda vizuri. Wakwe zetu wa Nyangwe waliuliza kwa adabu kama wale wa bordo ni kwaya. Shangazi alimkabidhi dada yangu kwa mkono wake mwenyewe. Nilipiga picha ya ukoo wote mbele ya nyumba, kisha nikampa jirani kamera ili na mimi niingie, kwa sababu shangazi aliamuru niwemo. Alisema mhalifu asikosekane.

Wiki iliyofuata nililiondoa turubai la buluu. Nilikaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nikaanza upya na nyanya mpya, na safari hii kikwembe cha mama kilikuwa mezani kando ya karatasi. Nilirekebisha kila kitu. Nikachapa picha ya ukoo. Zambarau ilikuwa zambarau, bordo ilikuwa bordo, shati langu jeupe kama maziwa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, nilikuwa nimechapa ukweli.

Mama aliitazama muda mrefu.

"Iko sawa," alisema. "Njo vile tulikuwa."

Lakini hakuitundika. Aliiweka kabatini, chini ya mashuka. Siku mbili zikapita. Siku ya tatu alikuja barazani akasimama nyuma yangu, akaniuliza kama ile rangi yangu ya kwanza, ile ya makosa, bado imo ndani ya mashine.

Ilikuwemo. Nilikuwa nimeihifadhi, maana ni vigumu kutupa kazi ya miezi hata kama ni ya kipumbavu. Nikairudisha. Nikachapa picha ile ile tena, nikamkabidhi juani.

Buluu yote ilikuwa imetoka. Zambarau ya mama na dada zake ilikuwa imegeuka bordo. Bordo ya Wamaza ilibaki bordo, imeiva kidogo zaidi, lakini ilihitaji mtu wa kutafuta makosa ili aione tofauti. Mbele ya nyumba yetu walisimama wanawake wengi wa ukoo mmoja, wamevaa nguo moja. Mtu mmoja tu ndiye alikuwa wa ajabu, yule mhalifu wa shangazi, na shati lake lilikuwa la njano kama limepikwa kwa mawese.

"Naweza kulisahihisha shati," nilisema.

"Acha hivi," mama alisema. "Hakuna kitu utasahihisha hapa. Chapa ingine, ya Wamaza."

Nikachapa ya pili. Ya kwanza aliitundika ukutani, na hadi leo iko pale. Ya Wamaza aliitia mwenyewe ndani ya nailoni. Kabla ya kuifunga aliingia ndani, akatoka na mkasi, akakalia ngazi ya baraza na kikwembe chake mapajani. Akakata kwenye pindo kipande cha upana wa kidole, cha zambarau, akakilaza juu ya picha ili wifi yake aone ni rangi gani alikuwa ameitiwa.

Niliukumbuka upesi ule mkono wangu juu ya skrini. Nikamshikia nailoni ifunguke vizuri.